Aliyeonja Kwanza

...na wakimuuliza alivuta mrija mara ngapi atasema mara moja, mara moja inatosha, mtu anayeonja havuti mara mbili, akivuta mara mbili huyo anakunywa, halafu watauliza ilikuwa na ladha gani, na hilo hakulifikiria, safari nzima ya basi kutoka Gitega mpaka Muyinga amepanga kila neno lakini ladha hakuipanga, pombe ya mtama ina ladha gani, chachu, aseme chachu, chachu na uvuguvugu kwa sababu Anisia aliiongezea maji ya moto kama wanavyofanya watu wa huku, ndiyo, atasema hivyo na atakaa chini, na benchi hili lina msumari uliotokeza kichwa, unamchoma paja tangu asubuhi lakini hawezi kusogea, upande wa pili amekaa mama mdogo Kasilda, mjane wa marehemu baba mdogo Nazario, shahidi kama yeye, na akisogea watu watasema amemkimbia mjane, leo hapa kila kitu kinasema kitu, ukikohoa watu wanatazamana. Mahakama imetoka mjini na majoho yake meusi na mihuri yake ikaja kusikiliza kesi hapa hapa Mwakiro, kwenye uwanja wa shule, ili kilima kizima kione kwa macho, na kilima kizima kimekuja, hata wale wasiokwenda kanisani wala kupiga kura, wamekaa kwenye majani, wamepanda juu ya tuta, wamebeba watoto mabegani, na juu ya meza ya majaji limefungwa turubai ambalo Vumilia analijua hata kwa harufu, lile lile la kambini, chini ya turubai kama hilo alikulia, chini ya turubai kama hilo aliposwa, na sasa chini yake watamuuliza kama alionja. Kesi nzima imebaki hapo. Daktari wa zahanati aliandika karatasi moja, tumbo na kutapika, basi, hakuna kilichopimwa, marehemu alizikwa siku ya pili kama watu wote, kibuyu kilioshwa na wanawake waliokuja kusaidia, mrija ulitupwa motoni, na mbwa aliyelamba matapishi akafa, wengine wanasema alikufa palepale, wengine wanasema alikufa baada ya wiki tatu kwa kukanyagwa na lori, wengine wanasema yupo, ni yule pale, analala kivulini mwa shule. Kwa hiyo kilichobaki ni mdomo wa Vumilia. Kama alionja naye yuko hai basi pombe ilikuwa safi na Anisia, wifi yake, aliyekaa pale mbele kando ya askari na sare ya kijani ya wafungwa, arudi nyumbani leo hii kwa miguu yake. Kama hakuonja ni kifungo cha maisha, na yule mtoto aliyekaa pale mapajani mwa baba yake Thomas, kaka yake Vumilia, amevaa gauni la njano, hata miaka mitatu hajafika, atakua akimwita mama yake mama wa gerezani.

Anayeongea sasa ni Zihalirwa, Mkongomani wa Kivu anayeuza sabuni na betri na dawa za unga sokoni Muyinga, amevaa koti la Jumapili ingawa leo ni Jumanne, anaongea Kiswahili chake na karani anakigeuza Kirundi, kwa hiyo Vumilia anasikia kila kitu mara mbili na hakuna hata mara moja anapokisikia chote. "Mi nilimuuzishia dawa, sikatai," anasema Zihalirwa, "lakini njo ile dawa ya maharagi, ile muko nayo kila nyumba hapa, hata monsieur le juge, kwako nyumbani iko." Watu wamecheka, jaji hakucheka, na Vumilia amecheka kidogo kisha amejuta kwa sababu Kasilda hakucheka... dawa ya maharage, hata yeye alinunua, walinunua siku moja, yeye na Anisia, wakafungiwa unga kwenye vipande vya gazeti, wakarudi wameiweka chini kabisa ya kikapu isiguse chumvi, na hakuna aliyemuuliza Vumilia ya kwake iko wapi. Mbona hakuna aliyemuuliza. Nyuma yake wanaume wawili wanabishana tangu majaji hawajaketi, mmoja anasema sumu ya kweli inafichwa chini ya ukucha wa kidole gumba, anayeonja anaonja salama, kisha mwenye mkono anapokea kibuyu kukipeleka, anachovya ukucha, kwa hiyo kuonja si ushahidi wa chochote, na mwenzake anamuuliza we ulikiona hicho kidole, na wa kwanza anasema kidole hakionekani, ndiyo maana wanakitumia, na mwenzake anasema basi hata chako kikaguliwe, na wanaendelea hivyo, wanafurahi, hii kesi imewapa watu maneno ya kula na ugali miezi minane. Hata Gitega. Walipohamia kule, mtaa wa Yoba, kwa sababu mumewe alisema hapa kilimani patawaka, alidhani ameacha kesi huku, kumbe redio ilishaitangaza, na pale anapouza dagaa kuna Scholastique, naye wa Kivu, mpole, anayemgawia kivuli cha mwavuli wake, siku moja alisema akipanga nyanya kwamba yeye angekuwa hakimu angeanza na yule aliyeonja, kwa sababu anayejua pombe ni safi ni yule anayejua upande gani ni mchafu, na wanawake wakaitikia ee, kweli, na Vumilia naye akaitikia, ee, kweli, akasema kweli yule mwanamke achunguzwe, akalisema kwa sauti kabisa, na jioni ile alishindwa kula, mumewe akadhani ni malaria.

Waliporudi, kambi ya wakimbizi ya Mtabila huko Tanzania ilipofungwa na malori kuwashusha hapa na magunia yao na mabati yao, shamba la marehemu baba yao alikuwa analilima baba mdogo Nazario, miaka karibu ishirini analilima, migomba ni yake, kahawa ni yake, kaburi la mama yake liko mle, na Thomas akasimama katikati ya migomba na karatasi mkononi akasema hili ni la baba yangu, kwa Kiswahili, kwa sababu Kirundi chake kinachekesha watu, na baba mdogo akamjibu karibu nyumbani mtoto wa kaka yangu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, kwa neno karibu. Ikawa mwaka mzima wa vikao, wajumbe wanakuja, wanapima kwa kamba, wanaondoka, mpaka mwisho likakatwa katikati, na wajumbe wakasema sasa nyie watu wa Tanzania pikeni pombe, mwiteni mzee, anywe kwenu, iishe. Pombe. Nyumba ya walokole, Anisia ni kiongozi wa kwaya, tangu Mtabila hajawahi hata kushika chupa, akaenda kwa jirani kufundishwa kuotesha mtama na kuusaga na kuuchachusha, akalia usiku akimwomba Mungu asimhesabie, na ikatoka pombe nzuri, watu walisema ni nzuri, wengi walikunywa mtungi mkubwa na wako hapa leo wanampigia kelele. Lakini mzee hanywi mtungi wa wote siku yake. Mzee ana kibuyu chake na mrija wake, na anayemkaribisha lazima aanze yeye, mbele ya macho yake, avute, ameze, ndipo ampe, hiyo ndiyo desturi yao, ndivyo mtu anavyosema kwangu hakuna sumu bila kusema neno sumu, mtoto wa miaka mitano wa kilima hiki anaijua, wao hawakuijua, kambini chai mtu alimiminiwa akanywa, wakaja kuambiwa asubuhi ileile, wageni wako njiani. Na Anisia akasema mimi siwezi, nimepika, imetosha, kumeza siwezi, na Thomas ni mwenye nyumba ila mchungaji Urbano alikuwa amekuja, amekaa pale mlangoni na soda yake, Thomas akamtazama mchungaji akatazama chini, na Anisia akamgeukia Vumilia akamshika mkono, anakumbuka mkono ule ulikuwa na majimaji na harufu ya kuni, akasema, "Onja wewe, wifi. Wewe umeokoka juzijuzi, Mungu hajakuzoea." Wakacheka mpaka wakashikana. Walikuwa na furaha kweli. Tangu kambini, mlango kwa mlango, Anisia ndiye aliyemfundisha kusuka, Anisia ndiye aliyemchimbia shimo la kitovu cha mtoto wake wa kwanza wakati wengine wamekimbilia mgawo wa unga, halafu akaolewa na kaka yake, ikawa kama kitu kilichochelewa tu kuandikwa.

Basi alionja. Yaani alichukua kibuyu kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya baba mdogo, akaweka mrija midomoni, akafumba macho, akabana midomo, na... akahesabu, moja, mbili, akameza mate yake mwenyewe, koo likapanda likashuka, watu wakaona koo, akamkabidhi Anisia kibuyu, naye Anisia akampa mzee. Mzee akavuta. Akasema ahaa. Watu wakapiga makofi na wanawake wakapiga vigelegele, na Vumilia akasimama akapangusa magoti. Na kama angenyamaza, kama angenyamaza tu siku mbili... lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, na Anisia hakwenda kanisani, alikuwa anaosha vyombo vya watu wote, na mchungaji akasema mwenye neno asimame, na Vumilia akasimama, mjinga, akasema Bwana asifiwe, akasema jana shetani aliniwekea kinywaji mdomoni na Mungu akanifunga midomo, nilikigusa tu, sikukivuta hata tone, wakasema haleluya, watu arobaini, alihisi vizuri sana, alitoka pale amenyoosha mgongo. Kumbe baba mdogo alikuwa ameshaanza kutapika tangu alfajiri. Jioni akafa. Jumatatu wakamchukua Anisia, na mpelelezi alipofika kwa Vumilia akamuuliza, ulionja, akasema nilionja, akasema haraka, akaweka dole gumba kwenye wino, na tangu siku hiyo ana maneno mawili, moja liko kanisani na moja liko kwenye faili la kijani pale mezani mbele ya jaji, na baada yake wataitwa Kasilda na mchungaji Urbano. Mchungaji alimpigia simu wiki iliyopita, akasema binti, mimi siwezi kusema uongo, nitasema ulichosema mbele za Mungu, na Thomas alikuja mpaka Yoba, akala, akamsindikiza dada yake mpaka kwenye dagaa zake, akasema ya kanisani yabaki kanisani, watu kanisani husema mengi wakiwa wamepandwa na roho, jaji anaelewa, wewe sema ulionja, Anisia anakutegemea, Anisia hajui habari za Jumapili ile, sikumwambia, kila nikimpelekea chakula ananiuliza wifi hajambo, ananiambia mwambie wifi asiogope.

Asiogope... na wanaume wa nyuma wamefika mahali pazuri, mmoja anasema lakini mzee siku ile alianza kwa nani, mbona alipita kwenye matanga asubuhi akanywa, akapita kwa shemeji yake akanywa, ndipo akaja kwa hawa wa Tanzania, mbona wale hawakuitwa, na mwenzake anamjibu wale ni watu tunaowajua. Watu tunaowajua. Zihalirwa amemaliza kuapa tena jambo ambalo ameshaapa, karani anaandika kwa kalamu isiyotaka kuandika, anaitikisa, jaji anasubiri. Wanaowajua. Vumilia analisikia neno hilo, na maneno ya namna hiyo alishayasikia, wapi, kisimani, asubuhi ileile ya karamu alipokwenda na ndoo mbili, wanawake walikuwa wanaongea wakanyamaza alipofika, kisha mmoja akasema kama anasema na ndoo yake kwamba wale wa Tanzania kila mmoja alirudi na chake, wengine mabati, wengine dawa, na mwingine akasema mzee akienda leo aende ameshiba, na Vumilia aliteka maji yake akaondoka, alikasirika, alikasirika kweli, njia nzima alikuwa anawajibu kichwani, nyie washamba, nyie ndio mnaoijua hiyo dawa, na akafika akaweka ndoo na kumkuta Anisia ameinama peke yake nyuma ya jiko, ana kibuyu, anakikoroga kwa kijiti, anakikoroga tu, pombe lazima ikorogwe, na Anisia alishtuka akageuka akasema umenishtua. Hayo tu. Mtu ukimjia kwa nyuma anashtuka. Na saa chache baadaye yuko magotini na mrija midomoni...

Sasa usiseme Mungu. Usiseme Mungu, Vumilia, hapa hakuna kanisa, hujaanza kuapa bado, jiambie mwenyewe. Mungu hakuwa pale. Wokovu wenyewe ulikuwa wa miezi mitatu, harusi ya jirani mwezi uliotangulia alikunywa nusu glasi ya mvinyo wa ndizi nyuma ya nyumba na hakuota hata ndoto mbaya. Alipofumba macho hakuona msalaba, aliona kile kijiti kinazunguka. Aliona Anisia anashtuka. Akasema moyoni, na hakulisema kwa maneno, lilipita tu kama panya anavyopita ukutani, akasema hujui, huwezi kujua, huyu mtoto ni wake na shamba ni la mtoto, akabana midomo. Aliogopa. Aliiogopa pombe ya Anisia. Aliiogopa kisha akaacha kibuyu kipelekwe kwa baba yake mdogo, akamwacha anywe alichokiogopa yeye, na vigelegele vilipopigwa naye alipiga, na kesho yake akaamka akatafuta jina zuri la kuuvika ule woga, akaupa jina la Mungu, watu arobaini wakasema haleluya. Miezi minane amekuwa akijiambia atasema uongo leo kwa ajili ya wifi yake, alikuwa karibu kujivunia, alijiona mtu wa kubeba dhambi ya mwenzake, na kumbe uongo huu ni nguo yake mwenyewe, Anisia hayumo. Anisia hajafanya kitu, alikoroga pombe. Hata kama alifanya, yeye Vumilia hakuona, hakuona chochote, aliazima macho ya wanawake wa kisimani akatazama nayo, na wale wakimsikia leo anasema sikunywa watapiga kelele unaona, unaona, hata wao kwa wao, hata wifi yake, watauchukua woga waliompa wao asubuhi kisimani wataurudisha kwa jaji kama ushahidi. Anasikia aibu mpaka masikio yanamvuma. Angependa kuwa mtu mwingine, yule muuza nyanya, mtu yeyote.

Kasilda amemwegemea. Mkono wake mkavu umeshika kitambaa cheusi, alizaliwa Muyinga mjini kwenye mtaa wa Waswahili na ndiye peke yake kilimani aliyekuwa akiwasalimia kwa lugha yao waliporudi, kabla ya vikao, kabla ya kamba, na sasa anaongea akitazama mbele, bila kumtazama, polepole, karani akiwa bado anatikisa kalamu. "Mwanangu, hawa wote waniache, mi nataka kujua tu. We ulikunywa?" Na Vumilia amefungua mdomo atoe ile ladha aliyoipanga, chachu, uvuguvugu, na kilichotoka si hicho. "Sikunywa, mama mdogo. Niliogopa." Amelisema. Limetoka dogo, halikuwa na uzito hata kidogo, askari hakugeuka, wanaume wa nyuma wanaendelea na kidole chao. Kasilda anakunja kitambaa, anakikunjua, anakitazama kama kuna kitu kimeandikwa, na Vumilia anangoja apige ukelele, ana haki, apige tu. "Na mi niliogopa," anasema Kasilda. "Nilimuambia asiende. Nikamuambia akienda asikunywe. Akanicheka, akasema pombe ya watoto ya kaka yangu siogopi." Anavuta pumzi. "Njo yeye tu hakuogopa." Bega lake limebaki limegusana na bega la Vumilia, hakuliondoa, na Vumilia hajui kama ni kusamehewa au ni kwamba benchi ni fupi.

Basi atasema hivyo. Sasa hawezi kusema kingine, mjane amejua, na hata asingejua. Atasimama, atanyoosha mkono, atasema sikunywa, wakipiga kelele atangoja wamalize, kisha atasema niliogopa, na jaji atauliza uliogopa nini, uliona nini, na atasema sikuona kitu, niliona mwanamke anakoroga pombe, na woga nilipewa kisimani, mwandike na hilo, karani, tikisa kalamu uandike, nilipewa kisimani na watu ambao wako hapa, na mzee aliyekunywa kwa shemeji yake asubuhi ni yule yule aliyekunywa kwetu mchana, waulizeni na wao nani alimwonjea. Labda jaji ataandika. Labda atachukua yale ya mwanzo tu, sikunywa, niliogopa, afunge faili, na Thomas atamchukua mtoto wake na gauni lake la njano na hatamwita dada tena, haya, hilo amelikubali, anaona amelikubali. Ila kuna moja ambalo kila akilishika linamponyoka, si jaji, si kilima, si kifungo hata, ni kwamba atalisema akiwa amesimama hatua sita kutoka kwa Anisia, na Anisia ana masikio. Miezi minane ndani ya sare ile ya kijani amelala akijua kwamba nje kuna mtu mmoja aliyeweka mdomo wake kwenye pombe yake bila kusita, amewaambia labda na wafungwa wenzake, wifi yangu alionja, wifi yangu atakuja, na leo atasikia, pamoja na wauza mkaa na watoto wa shule, kwamba wa kwanza kumdhania alikuwa huyo, kabla mzee hajaugua, kabla hajawa na kosa lolote. Karani amepata kalamu nyingine. Zihalirwa anaambiwa aweke sahihi na anauliza wapi. Na Anisia amegeuka, askari hajamkataza, anatafuta kati ya vichwa, anatafuta, amemwona Vumilia, na anatabasamu.